Miaka nane, halafu pambana na hali yako

Wasee, simba wa Tsavo mnawajua. 1898 walikula wafanyakazi wa reli, wakatengenezewa sinema, na leo wako makumbusho Chicago watu wakipiga nao picha. Lakini hiyo reli iliua vibarua karibu 2,500 kutoka India, wengi kwa magonjwa na ajali. Zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Hao nani amewatengenezea sinema?

Mtaniambia hiyo ni story ya mkoloni. Sawa, tuje leo.

Kijana ana miaka 23, anafanya kazi kwa reli, behewa linamponda, hatawahi fanya kazi tena. Sheria yetu ya fidia kazini, WIBA ya 2007, inampa mshahara wa miezi 96. Piga hesabu. Hiyo ni miaka nane. Akifika 31 pesa imeisha kwa karatasi, na kusema ukweli itakuwa imeisha kitambo kwa hospitali na rent. Na kama ulemavu si wa kabisa, anapewa asilimia tu ya hiyo.

Asema basi niende kotini nimshtaki mdosi kwa uzembe? Zii. Kifungu cha 16 kimefunga huo mlango, na Mahakama ya Juu ikakipitisha Desemba 2019. Unapeleka dai kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Koti unaiona ukikata rufaa.

Marekani, hao mabepari wenyewe, tangu 1908 mfanyakazi wa reli anaweza kushtaki kampuni. Akionyesha uzembe wao ulichangia hata kidogo, analipwa, na hakuna kiwango cha miezi kimewekwa.

Wanaotetea WIBA wana point moja: hapa huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, na mawakili hawakuli nusu ya pesa. Poa, hiyo ibaki. Lakini breki zikijulikana ni mbovu na treni bado itolewe, hiyo si ajali, na mdosi asijifiche nyuma ya miezi 96. Wabunge wafungue kifungu cha 16 kwa kesi za uzembe.

Kwa sasa, ukiumia: mwambie mdosi kwa maandishi, piga picha hiyo barua. Ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi. Wewe una miezi 12 za kudai, na usingoje akusaidie kuhesabu.