Uchache wa Alama si Kutojua Kufunga

Kabla ya fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2019, wapo mashabiki walioshikilia kuwa Virginia haijui kufunga. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa na mashiko. Virginia ilikawiza mpira kwa makusudi, na mashambulizi yakipungua, alama nazo hupungua. Je, mwanafunzi aliyejibu maswali 10 akapata 9 ni mjinga mbele ya aliyejibu 20 akapata 12? Alama na zipimwe kwa kila shambulizi. Ni kweli, mwaka 2018 timu hiyo hiyo ilibwagwa 74-54 na UMBC iliyodharauliwa, na hofu haisahauliki upesi. Lakini usiku wa fainali, mjini Minneapolis, iliilaza Texas Tech 85-77 katika muda wa ziada.