Ruhusa ya Kwenda Kupimwa Isikatwe Mshahara

Ndugu wanachama,

Mfanyakazi anayekohoa majuma 2 au zaidi yampasa kwenda kupimwa kifua kikuu. Jambo hili limehubiriwa sana. Lakini wengi wetu twakohoa na kunyamaza, kwa kuwa siku ya hospitali ni siku ya kukatwa mshahara, na kwa kibarua huenda ikawa siku ya kupoteza kazi yenyewe. Twasema hivi: chama hakina budi kulitia jambo hili katika mapatano na matajiri.

Zamani shida ilikuwa ya kipimo chenyewe. Tangu Robert Koch alipotangaza huko Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, makohozi yalitazamwa kwa darubini, na wagonjwa wengi walipita bila kugunduliwa. Kuotesha vijidudu katika maabara kulichukua majuma kadha. Leo sivyo. Disemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na kueleza pia kama ugonjwa umeishinda dawa ya rifampisini. Hospitali nyingi za kaunti zinayo. Lakini mashine ya saa 2 yamfaa nini mtu asiyepewa ruhusa ya saa 2?

Wala elimu hii hatukuletewa bure. Matibabu ya miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu, yalijaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika ya Mashariki, Kenya ikiwamo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Watu wetu walisaidia kuifundisha dunia. Haki yao ni kunufaika nayo.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi mgonjwa siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Jumla ni siku 14. Wagonjwa wengi wanaomeza dawa zinazofaa huwa hawaambukizi tena baada ya majuma 2 hivi. Basi anaporudi kazini siku zake zimekwisha, na miezi mitano na nusu ya kliniki ingali mbele. Akiacha dawa kwa kuogopa kukatwa, ugonjwa hurudi, na huweza kuwa sugu.

Dada zetu wana mzigo zaidi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yataja wazi haki ya huduma za afya ya uzazi. Likizo ya kujifungua ya miezi 3 twaijua, lakini kliniki za mja mzito huja kabla yake. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri zisipungue 8. Tena kifua kikuu hakikai kifuani tu: huweza kushika mji wa mimba na kumzuia mwanamke asizae. Na rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na ya vijiti vinavyotiwa mkononi. Atumiaye njia hizo amwambie daktari mapema, apewe njia nyingine. Mja mzito naye asiogope kutibiwa. Hatari kubwa ni kukaa bila dawa. Mambo haya hayawezi kuelezwa mtu anayekimbia kuiwahi kengele ya kazi.

Tajiri atasema kazi itasimama. Twamjibu: mgonjwa mmoja asiyepimwa, katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha, aweza kuwaambukiza wenzake wengi. Hapo ndipo kazi itakaposimama.

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yawe na mambo matatu:

1. Ruhusa ya kupimwa kifua, na ya kliniki ya uzazi, bila kukatwa mshahara.
2. Siku za kuchukua dawa zisihesabiwe katika zile 14.
3. Asifukuzwe mtu, awe wa kudumu au kibarua, kwa sababu ya kifua kikuu au mimba.

Wajumbe wa matawi, yazungumzeni haya mikutanoni, na akina mama wapewe nafasi ya kusema. Na wewe unayekohoa, usingoje mapatano. Nenda ukapimwe, dawa za kifua kikuu katika hospitali za Serikali hazilipiwi.

Umoja ni nguvu.