Nani atampa mtoto kidonge cha saa saba?

Dadangu huvuka mpaka wa Busia kabla jua halijachomoza, akanunue ndizi na maharagwe upande wa Uganda, na hurudi giza likiingia. Mwanawe yuko Gredi ya Nne. Kwa miaka miwili kijana huyo aliitwa kila jina: mtundu, kichwa ngumu, ati hata "ana kitu" kinachohitaji maombi. Mwaka jana daktari alimpima akasema ni ADHD, akamwandikia methilfenideti, ile dawa wengi huijua kwa jina Ritalin.

Hapo shida ya saa ikaanza.

Dawa hii huja kwa namna mbili. Ya kawaida hufanya kazi kwa saa tatu au nne hivi. Mtoto akiimeza saa moja asubuhi, kufikia saa tano imeisha na masomo bado yapo hadi alasiri, kwa hivyo anahitaji kidonge kingine mchana. Ile ya muda mrefu hujiachilia kidogo kidogo kwa saa nane, na kuna aina kama Concerta zinazofika saa 12. Anameza nyumbani, basi. (Ganda tupu la Concerta huweza kutoka chooni likiwa zima. Usishtuke.) Dawa yenyewe ni ileile. Ya muda mrefu si kali zaidi, imezidi saa tu. Na bei.

Kidonge cha mchana cha mpwa wangu kiliachiwa mwalimu, akakiweka kwenye droo. Siku zingine alisahau. Ana wanafunzi zaidi ya 60, simlaumu sana. Siku zingine alimwita mbele ya darasa: "Wewe, kuja umeze dawa yako ya kichwa." Wenzake wakapata jina jipya la kumwita. Akaanza kukificha chini ya ulimi na kukitema nyuma ya choo. Asubuhi mtoto alikuwa ametulia kabisa, alasiri ni yule yule wa zamani.

Halafu droo yenyewe haikuwa na kufuli. Hii ni dawa inayodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa kuwa kuna watu wazima wanaoitumia vibaya. Na sisi wa Busia na Malaba tunajua vile kitu cha kuuzika hakikai sana kwenye droo.

Kinachoniudhi ni hiki: mambo yako kichwa chini. Mtoto wa shule yenye nesi anaweza kutumia ile ya bei nafuu bila matatizo. Mtoto wa mama anayeshinda sokoni, au wa dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori Malaba, ndiye anayeihitaji ile ghali. Kaunti na SHA wakipanga dawa za watoto wasiiite ya muda mrefu anasa.

Siidharau ya kawaida. Ni rahisi kupunguza au kuongeza kipimo chake, na mtoto akikosa hamu ya kula au usingizi, inaisha mwilini haraka. Lakini usijaribu kuikata au kuiponda Concerta ili ikae zaidi, maana dawa ya kutwa nzima itamwingia mtoto kwa mara moja. Na najua Kampala iko karibu nasi kuliko Nairobi, najua pia vile vitu huvuka hapa. Hii, bila cheti cha daktari, ni kesi.

Mwezi huu dadangu amepata pesa za ile ndefu za wiki mbili tu. Wiki mbili zilizobaki, kwa mpango wa daktari, tunarudi kwa droo. Sasa ina kufuli, na mwalimu mmoja aliyekubali kushika ufunguo humwita kijana pembeni, polepole, kabla ya chakula.