ALAMA NI JEMBE, MATENDO NI MPINI

Mzazi mmoja wa Ushetu, mkulima wa tumbaku, ametuuliza swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Binti yake yumo kidato cha tatu, naye amekwisha sema waziwazi kuwa ataka kusomea optometria, yaani elimu ya kupima macho na kutoa miwani. Mwalimu wake amemwambia aache mengine yote ashike vitabu. Jirani yao, tena mwanachama mwenzetu, amesema kuwa mtoto asiyeonekana katika kwaya, michezoni wala katika kazi za kijiji atakuja kuwa msomi wa kujipendelea nafsi yake. Mzazi anauliza: nimsikilize nani?

Swali hili ni la haki, na ukurasa huu hauna budi kulijibu bila ya kuzungukazunguka.

Kwanza na tuseme kwa nini shauri la mtoto mmoja wa Ushetu ni shauri letu sote. Mkulima akivuka umri wa miaka 40, aghalabu jicho lake huanza kushindwa na vitu vya karibu. Hayo si maradhi. Ni umri tu, na dawa yake ni miwani ya bei nafuu. Lakini mkulima huyo ndiye anayetakiwa kupanga majani ya tumbaku kwa madaraja, kutofautisha rangi na rangi, kisha kusimama mbele ya mizani na kuhakikisha kuwa namba inayosomwa ndiyo inayoandikwa. Asiyeiona namba huamini anachoambiwa. Twapigana kila mwaka juu ya bei na makato ya mkulima, ilhali hatujamuuliza kama anaiona stakabadhi aliyopewa mkononi.

Huko katika machimbo ya dhahabu, tangu Kahama hata Geita, wachimbaji wadogo hupasua mawe kwa nyundo na kushinda karibu na makarasha, na chembe za mawe zikawaingia machoni. Fundi cherehani ambaye hawezi tena kutunga uzi katika sindano huiacha kazi angali ana nguvu za kuifanya. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wachuma majani ya chai wa Assam, nchini India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidisha kazi yao kuliko wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Hawakuongezewa jembe wala mbolea. Waliongezewa vioo viwili tu mbele ya macho.

Tena liko jambo ambalo sisi watu wa Shinyanga twalijua na hatupendi kulitaja. Kwa miaka mingi, katika mkoa huu na mikoa jirani, bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi uliotolewa juu yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga kwa miaka hamsini, akipuliza kuni mbichi au samadi kavu ili watoto wapate ugali, atakosaje macho mekundu? Ndugu zetu wenye ualbino nao, ambao macho yao huumizwa na mwanga na huona kwa shida, wamewindwa kama wanyama katika mikoa hii ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Mtaalamu mmoja wa macho anayekijua Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa, anayeweza kukaa barazani na wazee na kuwaeleza kwa nini jicho huwa jekundu, atafanya kazi ambayo hotuba mia za mgeni haziwezi kuifanya.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wapatao bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba walau bilioni 1 kati yao wana upungufu ambao ungaliweza kuzuiwa, au ambao bado haujashughulikiwa. Hapana shaka wengine wao wako Ulowa, Bulungwa, Chambo na Nyamilangano. Basi binti huyu anapotaka kusomea macho, hatafuti cheo tu. Anaitafuta silaha ya kupigana na wale maadui watatu tuliotangaza vita juu yao tulipopata uhuru: ujinga, umaskini na maradhi.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Ni lazima tuseme kweli, hata kama kweli hiyo haipendezi. Hapa Tanzania mlango wa vyuo vya afya hufunguliwa kwa alama. Chuo kinachofundisha optometria, kama kile cha KCMC mjini Moshi, hutazama kwanza kama mwombaji amefaulu masomo ya sayansi: Fizikia, Kemia na Biolojia. Fomu ya maombi haimuulizi mtoto amefunga mabao mangapi, wala ameimba sauti ya ngapi katika kwaya. Na mzazi asidanganyike na maneno "sifa za chini". Sifa ya chini ni ruhusa ya kusimama katika foleni, wala si nafasi. Wakiwa wengi kuliko viti, hutangulia wenye alama bora. Kwa hiyo mwalimu hakukosea aliposema vitabu vije mbele. Anayemshauri mtoto apoteze Fizikia ili apate sifa kijijini anamfungia mlango, hata kama anampenda.

Lakini je, jirani naye amekosea? La. Woga wake una historia, nasi wa Chama twaijua historia hiyo kuliko wengine. Oktoba 1966, wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam kupinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967 akatoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya shule inayowatenga wachache na kuwafundisha kuwadharau wazazi wao. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba mtu asiingie chuo kikuu kwa mtihani peke yake: atumikie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha apate ushuhuda mwema wa mwajiri wake na wa Chama.

Nia ile ilikuwa njema, na hata leo hatuoni haya kuitetea. Taifa maskini linapomsomesha mtu mmoja kwa jasho la watu wengi, lina haki ya kumuuliza yeye ni mtu wa namna gani. Lakini njia iliyotumika ilikuwa na mashimo. Haikuchukua miaka mingi wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja, kwa sababu miaka ile ya kungoja iliwapunguza. Na baadaye utaratibu wote ukalegezwa. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba matendo mema yakigeuzwa kuwa karatasi ya kutiwa sahihi, karatasi hutafutwa na matendo husahauliwa. Na tangu tulipoiacha njia ile tumeelemea upande wa pili, tukawa watu wa kuhesabu alama tu, kana kwamba mgonjwa atatibiwa na cheti.

Wazee husema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, ikiwa vitu hivyo viwili vinavutana. Lakini nani amewahi kulima kwa chuma kisicho na mpini? Na mpini usio na chuma ni fimbo tu, utachapa nyasi lakini hutapanda mbegu. Alama ni jembe: ndizo zinazoipasua ardhi. Matendo ni mpini: ndio unaolifanya jembe lishikike mkononi na kuelekezwa panapofaa. Havina uzito sawa, wala havifanyi kazi moja, bali vimefungwa pamoja.

Kwa hiyo shauri letu kwa binti huyu, na kwa kila kijana mwenye nia kama yake, ni hili. Achague jambo moja tu nje ya darasa, wala asichague matano. Alipe jioni moja katika juma na saa chache za Jumamosi, na mtihani ukikaribia alipunguze pasipo kuona haya. Tena alichague jambo linalokwenda upande mmoja na masomo yake. Kama shule ina klabu ya afya, au kikundi cha Skauti au cha Msalaba Mwekundu, aingie hapo. Kama zahanati iko karibu, na mganga akiridhia, aende kuwasaidia wazee siku ya kliniki: kuwasomea maandishi, kuwaonyesha njia, kuwasikiliza. Atajifunza jambo ambalo halimo katika vitabu, nalo ni namna mtu mzima anavyoona aibu kukiri kwamba haoni. Na akirudi nyumbani akaishika miwani ya kusomea ya babu yake juani, akaona jinsi mwanga unavyokusanyika mahali pamoja juu ya karatasi, atakuwa ameusoma ukurasa wa lenzi bila ya kufungua kitabu. Na kama ni mchezaji wa netiboli acheze, maana mwili uliochoka kwa kukaa haufikiri vema.

Huko Marekani, vyuo vya optometria hutazama alama za chuo na mtihani maalumu wa kuingilia, kisha hupenda kujua kama mwombaji amepata kukaa na mtaalamu wa macho na kuiona kazi yake. Hapa kwetu hakuna afisa atakayezihesabu saa hizo. Lakini hatuoni kuwa hiyo ni hasara. Jambo jema linalofanywa pasipo kuhesabiwa ndilo linalobaki na mtu siku atakapopelekwa kufanya kazi mahali pasipo na msimamizi, na mbele yake amekaa bibi kizee asiyejua kama amepimwa vema au vibaya.

Na sasa tuna neno kwa wazazi. Kumfanya mtoto ashinde katika mabani ya tumbaku usiku wa kuamkia mtihani, au kumtuma kuchunga ng'ombe siku za shule, au kumwamsha msichana kuchota maji mbali huku kaka yake amelala, hayo tusiyaite malezi wala kazi za nje ya darasa. Ni kuziiba saa za mtoto. Kazi ya nyumbani ina heshima yake, na mtoto asiyeshika jembe tutamcheka. Lakini na igawanywe kwa haki baina ya wavulana na wasichana, na iwe na mwisho. Na anayehesabu ng'ombe wa mahari kabla binti hajamaliza shule, na akumbuke kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayemwoa mwanafunzi.

Nasi wa Chama hatuna mikono safi. Mara ngapi tumewatoa watoto madarasani wakasimama kando ya barabara tangu asubuhi, wakingoja msafara wa kiongozi ili waimbe nyimbo mbili? Mara ngapi vipindi vya Kemia vimeliwa na mazoezi ya halaiki? Tukifanya hivyo katika majuma ya mtihani, kisha tukashangaa kwamba Ushetu haipeleki watoto wengi katika vyuo vya afya, tunajidanganya wenyewe. Kiongozi wa kweli hafurahii kushangiliwa na mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Viongozi wa matawi na waliandike jambo hili katika madaftari yao: mtoto wa kidato cha nne asiitwe kwenye shughuli yoyote ya Chama wakati wa masomo.

Badala ya kuwaita watoto watusaidie, sisi ndio tuwasaidie. Mwaka 2014 wananchi nchi nzima walihimizwa kuchangia ujenzi wa maabara tatu katika kila shule ya kata, na wengi walitoa hata kile walichokuwa hawana. Lakini chumba kisicho na vifaa ni chumba tu. Tawi linaloweza kuchangisha fedha za sherehe laweza pia kuchangisha fedha za lenzi chache, vioo na kemikali. Wafanyakazi wa migodini na wa serikalini waliopasi sayansi na waliomo humu wilayani wanaweza kutoa Jumamosi moja kwa mwezi kuwafundisha vijana. Hiyo nayo ni kazi ya nje ya darasa, ila ni yetu sisi watu wazima.

Basi, ndugu yetu wa Ushetu, jibu letu ni hili. Msikilize mwalimu kwanza, kwa kuwa bila ya alama binti yako hatafika mlangoni. Msikilize na jirani, kwa kuwa akifika bila ya moyo wa watu hatarudi Ushetu, na Ushetu ndiyo inayomngoja. Lakini zaidi ya hao wawili, jisikilize mwenyewe unapomtuma kazi jioni, ukajiulize ni saa ngapi umemwachia. Siku atakaporudi na sanduku lake la vioo, yamkini wewe ndiwe utakayekaa mbele yake kwanza, uvae miwani, kisha uende ukaisome mizani kwa macho yako mwenyewe.