Wachoraji wa Haiti wapewe ramani

Mlango wa baa aliouchora huko Montrouis ndio uliomtambulisha Hector Hyppolite kwa wakuu wa Centre d'Art, kituo cha sanaa kilichofunguliwa Port-au-Prince mwaka wa 1944. Mshairi Mfaransa André Breton alipozuru Haiti mwaka uliofuata, alinunua michoro yake, na jina la Hyppolite likavuka bahari. Hiyo ilikuwa bahati. Je, ni wangapi ambao hawakupitiwa na mgeni?

Mwaka wa 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya wasanii wapatao nusu milioni, ukionyesha jinsi majumba ya sanaa duniani yanavyopokezana wasanii. Waanzao katika majumba machache yenye sifa hudumu humo. Waanzao pembezoni, ni wachache mno wafikao.

Ramani ya aina hiyo, nionavyo mimi, isiachiwe wafanyabiashara wa michoro peke yao. Centre d'Art, ambayo jengo lake liliangushwa na tetemeko la 2010, yapaswa kuwa nayo, ijue ni jumba gani dogo lenye njia ya kufikia lililo kubwa. Myrlande Constant, mshonaji wa bendera za shanga, alifika kwenye maonyesho ya Venice mwaka wa 2022. Njia aliyopitia na iandikwe, wenzake waifuate.