Jani la Chai Linaheshimiwa Kuliko Fundi

JICHO LA BABA CHEBET

Jumanne nilikwenda kudai viti vyangu. Wasomaji wa zamani wanavijua: ni vile vinne vya meza ya chakula nilivyovilipia arbuni mwezi wa Aprili, ambavyo Mkaguzi Mkuu wa nyumba yangu huviulizia kila Jumapili kabla hata ya kanisa. (Amenikataza kumwandika tena gazetini. Sijamwandika. Nimeandika cheo.)

Fundi wangu anafanyia kazi nyumbani kwake, kando ya njia ya Litein, ndani ya banda la mabati alilolijenga kwa ajili ya gari. Gari halikuja. Zikaja randa, misumeno na vijana wawili wa kujifunza kazi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeyalalia majani chai hadi huwaoni wachumaji, unasikia sauti zao tu. Julai ya Kericho haimwonei mtu haya. Huku juu, mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na ndani ya mabati ndiyo usiseme: bati linatoa jasho, kisha linakudondoshea shingoni.

Nikabisha. Kimya. Nikasukuma mlango, ukagoma, kwa sababu chini ulikuwa umezibwa kwa magunia. Ulipofunguka nikapokewa kwa kelele: "Funga, Mzee! Baridi inaingia!"

Katikati ya banda, juu ya sakafu iliyojaa maranda, jiko la makaa lilikuwa limeiva jekundu. Dirisha limefunikwa kwa nailoni. Mkebe wa vanishi uko hatua mbili kutoka motoni, wazi. Na kijana mmoja ameketi chini, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Huyu ana nini?"

"Njaa," fundi akasema. "Hajanywa chai."

Nililibeba jiko lile nikalitoa nje mwenyewe, na nyinyi mnaujua mgongo wangu. Fundi akanifuata akilalamika, akanipa hotuba niliyoisikia tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani: makaa yakishageuka mekundu hayana moshi, na kisicho na moshi hakina neno.

Hotuba hiyo ndiyo iliyoniharibia wiki. Makaa mekundu ni mabaya hasa kwa sababu hayakuonyi. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Moshi ni adui mwenye adabu. Anapiga hodi, unakohoa, unatoka. Huyu mwingine anaanza na kichwa kuuma kidogo, halafu kichefuchefu, halafu usingizi mtamu ambao wengine hawaamki. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamelala milele na jiko chumbani, tunatikisa vichwa tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuliingiza jiko ndani.

Njaa ya yule kijana, kwa taarifa yenu, iliisha baada ya kukaa nje nusu saa. Chai ilikuwa bado haijachemka.

Najua kuna atakayeniambia kwamba nyanya zetu waliota moto ndani ya nyumba na wakazeeka. Walizeeka chini ya nyasi. Paa la nyasi linapumua. Sisi tumepandisha bati, tukaweka dari, tukaziba kila ufa kwa saruji, kisha tukalirudisha jiko lile lile. Kwa maoni yangu, makaa yenye ruhusa ya kuingia nyumba ya Mkipsigis ni yale ya mti wa senetwet, ya kusugulia kibuyu cha sotet kabla ya kutia maziwa ya mursik. Mengine yote yakae uani.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa mbele ya macho yetu. Ukungu ulipopanda kidogo, kutoka mlangoni mwa fundi ukaonekana ule mrija mrefu wa moshi wa kiwanda cha chai. Mnaujua. Malori ya kuni za mikaratusi yanaingia pale mchana na usiku, na hakuna hata gogo moja linalosogea karibu na chai. Kuni zinachomwa kwenye boila, boila inatoa mvuke, mvuke unazunguka ndani ya mabomba, feni inapuliza hewa juu ya mabomba hayo. Hewa hiyo, yenye joto lakini safi, ndiyo inayoyanyausha majani na baadaye kuyakausha hadi yabaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Moshi unapelekwa juu, kwa wenyewe. Chai ikinuka moshi, wanunuzi kwenye mnada wa Mombasa wataikunjia pua. (Wachina wanayo moja wanayoifukiza makusudi kwa moshi wa msonobari, Lapsang Souchong. Niliionja mara moja. Ni kama kulamba ukuta wa jikoni.)

Kwa hiyo ujuzi tunao. Tangu Brooke Bond walipoanza kupanda chai huku miaka ya 1920, tumekuwa tukitenganisha moto na joto kwa ustadi mkubwa, kwa faida ya jani. Shemeji wa fundi wangu ndiye mwenye boila, tena ana cheti. Anatoka zamu, anapita kwa fundi, anaketi kando ya jiko na kufunga mlango.

Na kumbe hatari yote ile ya jiko ilikuwa ya nini? Gundi. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi hugeuka unga wa chaki, na kiti kinaachia siku ya wageni. Hapo fundi ana haki. Ila gundi haiulizi hewa ina joto gani, inauliza mbao. Mbao zilizolala usiku kucha kwenye bati hazipashwi na jiko la saa moja. Kinachopashwa ni uso wa fundi. Mbao na gundi zingelala jikoni kwa mama watoto, asubuhi zikaunganishwa, basi.

Mpwa wangu aliye Minnesota ananitumia picha za karakana yake: nje theluji, yeye ndani kavaa fulana, na ukutani kuna kidude cha kupiga kelele hewa ile mbaya ikizidi. Vizuri. Huku hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa 8 inameza yuniti 16, na fundi wangu hununua tokeni za shilingi 50.

Nikamuuliza, maranda yote haya unayapeleka wapi? "Kwa kuku."

Alhamisi nikampelekea pipa langu dogo la bati, ambalo Mkaguzi Mkuu alikuwa amelipangia vitunguu. Hilo tutalimaliza nyumbani. Unatoboa tundu ubavuni, karibu na chini. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti tunduni hadi kiiguse, unashindilia maranda pande zote, kisha unachomoa vyote viwili. Ukiliwasha kutoka chini linaungua polepole kwa saa nyingi. Juu tukalifunika kwa kifuniko chenye bomba la bati lililotokea ukutani hadi nje. Sakafu ikafagiliwa, pipa likakalishwa juu ya mawe, vanishi ikahamia stoo. Shemeji mtu wa boila akaja kukagua, akasema bomba limepinda.

Ijumaa nikarudi. Banda lina joto, vijana wanaimba, hakuna mwenye njaa. Viti vitatu vimeshikana barabara. Cha nne kina mguu mmoja mfupi.

"Ni hii baridi, Mzee," fundi akaanza.

Nikamwonyesha pipa.