Fomu Haijafika au Haikufika? Sarufi ya Data za Uchaguzi

Kabla ya mwaka 2017, neno "seva" halikuwa na makao katika mazungumzo ya Wakenya wengi. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti mwaka huo ndio uliolitoa katika vyumba vya mafundi na kulipeleka sokoni, matatuni na katika mabaraza ya wazee. Tangu hapo, kila uchaguzi mkuu unapokaribia, na Katiba imeupangia mmoja mwezi Agosti 2027, mjadala huwa ule ule: nani ana ufunguo wa seva, nani aliiingilia, na kwa nini haifunguliwi. Hayo ni maswali halali. Hata hivyo, yanalitangulia swali jingine lililo la msingi zaidi, ambalo halijapewa uzito unaolistahili. Kazi ya kuandika na kusoma ikigawanywa baina ya mashine maelfu, nyingine zikiwa Nairobi na nyingine Turkana, msomaji atajuaje kwamba kilichoandikwa kimekamilika, na kwamba anachokisoma ndicho kilichoandikwa?

Swali hilo ni la uhandisi wa kompyuta, lakini mwanaisimu naye ana la kusema, kwa sababu lugha yetu ilikwisha kulijibu kabla ya mashine kuzuka. Kiswahili hakimruhusu msemaji kuchanganya "faili inaandikwa" na "faili imeandikwa". Kiambishi -na- kinatuonyesha tendo likiwa njiani. -Me- kinatuonyesha tendo lililotimia na matokeo yake yakiwapo. Kadhalika, "fomu haikufika" ni kauli iliyofunga mlango, ilhali "fomu haijafika" imeuacha wazi. Dai la makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya migogoro yetu kuhusu data za uchaguzi imetokana na kuuchukulia wakati wa -na- kana kwamba ni wa -me-.

Tuanze na wahandisi wenyewe. Mwaka 2003 wataalamu wa kampuni ya Google, Sanjay Ghemawat na wenzake, walichapisha maelezo ya mfumo wao wa kuhifadhi faili katika kompyuta nyingi za bei nafuu. Msingi wa mfumo huo ulikuwa kukiri kwamba kuharibika kwa mashine ni jambo la kawaida, si ajali ya nadra. Penye mashine elfu, haipiti muda pasi na mojawapo kuzimika, diski kufa au waya kukatika. Kwa hiyo kila kipande cha faili kiliwekwa nakala tatu katika mashine tofauti. Mwaka uliofuata, Jeffrey Dean na Ghemawat walieleza namna ya kugawanya hesabu kubwa kwa mashine hizo na kuyakusanya majibu. Mawazo hayo ndiyo yaliyozaa programu ya Hadoop mwaka 2006, ambayo ilienea duniani kote.

Katika mfumo wa namna hiyo, mashine ikipewa sehemu yake ya kazi haiandiki jibu moja kwa moja mahali ambapo wengine watalisoma. Huliandika kwanza katika faili ya muda, yenye jina la muda. Ikishamaliza kuandika neno la mwisho, ndipo faili hiyo hupewa jina lake rasmi kwa tendo moja lisilogawika: ama jina limebadilika, ama halijabadilika. Mashine ikizimika katikati ya kazi, kinachobaki ni faili ya muda ambayo hakuna atakayeisoma, na mashine nyingine hupewa kazi hiyo upya. Kwa njia hii msomaji hawezi kukutana na nusu ya jibu iliyovaa jina la jibu zima. Jina rasmi ni ahadi, na ahadi hiyo haitolewi tendo likiwa bado katika -na-.

Sasa tuutazame uchaguzi wa 2017 kwa jicho hilo. Sheria ilitaka matokeo ya urais yatumwe kwa mtambo kutoka kila kituo cha kupigia kura, pamoja na fomu 34A iliyotiwa saini na msimamizi wa kituo na mawakala. Vituo vilikuwa 40,883. Usiku wa uchaguzi, tarakimu zilianza kumiminika kwenye skrini za Bomas na kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi (IEBC), lakini fomu hazikufuatana nazo kwa mwendo ule ule. Tume ilieleza kwamba vituo zaidi ya 11,000 vilikuwa nje ya mtandao wenye nguvu ya kutosha. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti kwa kutegemea fomu 34B za maeneobunge. Siku kadhaa baadaye, tume ilikuwa bado haijaweza kutoa fomu 34A zote.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, lilizuka jambo ambalo mwalimu yeyote wa lugha hawezi kulipita. Upande wa tume ulisema kwamba tarakimu zilizokuwa zikionyeshwa hadharani zilikuwa "takwimu" tu, wala hazikuwa "matokeo". Kiuhandisi, hiyo ni tofauti ya kweli: takwimu ni faili ya muda na matokeo ni faili yenye jina rasmi. Kosa ni kwamba wananchi walikuwa wamezisoma tarakimu hizo siku tatu mfululizo kama matokeo, kwa kuwa hapakuwa na alama yoyote iliyoeleweka ya kuwaambia vingine. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa namna matokeo yalivyopitishwa. Majaji wawili waliopinga walishikilia kwamba haikuthibitishwa kuwa kura zenyewe zilivurugwa.

Msomaji anaweza kuegemea upande wowote katika hukumu hiyo na bado akapata funzo moja. Fomu isipokuwapo, anayeshuku wizi na anayeamini kwamba ni uchelevu wa mtandao wanalitazama pengo lile lile. Hakuna kati yao awezaye kumshawishi mwenzake, maana pengo halisemi. Nchi ambayo wananchi wake wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya matokeo ya kura haiwezi kuyaacha mapengo ya namna hiyo yazibwe na uvumi.

Hapo ndipo tunapolifikia suala la pili, la "haijafika" na "haikufika". Mashine inayotuma faili na kukosa jibu haina njia ya kujua kilichotokea. Pengine faili ilipotea njiani. Pengine ilifika na kuandikwa, ila jibu la kuthibitisha ndilo lililopotea. Pengine kila kitu ni salama lakini mtandao unajikokota. Kwa mtumaji, hali zote tatu ni kimya kimoja. Akikata tamaa, huenda data ikapotea. Akituma tena, huenda ikaandikwa mara mbili. Mwalimu aliyewahi kupakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani jioni ya siku ya mwisho anaifahamu fadhaa hiyo.

Kutuma tena si kosa. Kosa ni kujenga mfumo usiotambua kwamba ujumbe umerudiwa. Kule Uingereza, shirika la posta lilitumia programu iitwayo Horizon iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi zake ndogo. Mwaka 2015, katika mji wa Dalmellington huko Scotland, mhudumu mmoja alijaribu kuandikisha pauni 8,000 zilizohamishiwa ofisi nyingine. Skrini iliganda, naye akabonyeza tena na tena, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Mfumo ukaziandika pauni hizo mara nne, na hesabu ikaonyesha upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo. Hiyo ilikuwa dosari moja tu kati ya nyingi za Horizon. Baina ya mwaka 1999 na 2015, wahudumu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengi wao kwa ushahidi wa hesabu za programu hiyo, hadi Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria mwaka 2024 ya kuzifuta hukumu hizo kwa wingi. Mahakama ziliamini kwamba kompyuta haisemi uongo. Wahenga walionya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyotokea Uingereza yanatufunza kwamba daftari bovu huweza hata kuzua wizi ambao haukutendeka.

Dawa inajulikana, na Mkenya huibeba mfukoni kila siku. Kila muamala wa M-Pesa hupewa nambari yake ya kipekee. Ujumbe wa kuthibitisha ukija mara mbili kwa nambari ile ile, hakuna anayehesabu kwamba amelipwa mara mbili. Mfumo wa data uliojengwa vizuri hufanya vivyo hivyo: kila ujumbe una utambulisho wake, na mpokeaji aliyekwisha kuuandika huupokea tena bila kuongeza kitu. Fomu ya kituo fulani, hata ikitumwa mara kumi, ni lazima ibaki fomu moja katika jumla.

Suala la tatu ni la msomaji. Faili iliyoandikwa kikamilifu huweza kuharibika ikiwa ghalani au njiani. Ndiyo maana mfumo ule wa Google uliambatanisha na kila kilobaiti 64 za data nambari ya uhakiki, yaani jumla inayokokotolewa kutokana na data yenyewe. Kabla ya kumpa msomaji data, mashine hukokotoa upya, na jumla zikitofautiana, nakala hiyo hukataliwa na nyingine kutafutwa. Aidha, msomaji anaweza kupewa nakala iliyopitwa na wakati. Ghala mashuhuri la Amazon liitwalo S3, lililofunguliwa mwaka 2006, lilikaa hadi Desemba 2020 kabla ya kumhakikishia kila msomaji kwamba faili iliyobadilishwa punde ataiona katika sura yake mpya. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho ilihitaji miaka 14, tusidhani kwamba jambo hili ni jepesi.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa hatua ya mbele katika jambo hili. Tume iliweka picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 kwenye tovuti iliyo wazi kwa umma, na karibu zote zilikuwa zimekwisha kupakiwa mshindi alipotangazwa tarehe 15. Mwanafunzi aliyekuwa na simu aliweza kuipakua fomu ya kituo cha kijijini kwao na kuilinganisha na ile iliyobandikwa ukutani. Penye wengi hapaharibiki neno: maelfu ya wasomaji waligeuka kuwa wahakiki. Mahakama ya Juu ilipoamuru uchunguzi, hazikuonekana tofauti za maana baina ya fomu za mtandaoni na fomu halisi, na tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja waliyathibitisha matokeo.

Hata hivyo, uwazi wa fomu hauondoi haja ya kujua kusoma. Makamishna wanne waliojitenga na matokeo walisema kwamba asilimia za wagombea zilifika 100.01, na kwamba ile ziada ya 0.01 ilikuwa sawa na kura 142,000 hivi. Kura halali zilikuwa milioni 14 na ushei. Mwanafunzi wa shule ya msingi akikokotoa 0.01 katika mia ya idadi hiyo atapata kura 1,400 na kitu, na mwalimu wake atamweleza kwamba ziada yenyewe imetokana na kukadiria desimali. Mtambo uliandika sawasawa. Msomaji ndiye aliyeteleza.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yote ni ya mashine, na kwamba mwenye nia ya kuiba ataiba kwenye karatasi kabla picha haijapigwa. Hoja hiyo ina ukweli. Nambari ya uhakiki hukubaini uharibifu uliotokea baada ya kuandika; haiwezi kumbaini msimamizi aliyeandika uongo tangu awali. Nakala tatu za uongo ni uongo mara tatu. Ndiyo sababu saini za mawakala na fomu inayobandikwa kwenye mlango wa kituo zitaendelea kuhitajika. Lakini mfumo mwaminifu hupunguza mahali pa kushuku. Iwapo kila kitu baada ya karatasi kinahakikika, macho yote yataelekezwa kwenye karatasi, mahali ambapo binadamu anaweza kushuhudia kwa macho yake.

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo wananchi wana haki ya kuidai tume mapema, kabla ya joto la kampeni. Tarakimu yoyote isiyo na fomu yake ioneshwe wazi kwamba ni ya muda. Badala ya kuonyesha jumla pekee, skrini ionyeshe pia ni vituo vingapi ambavyo fomu zake hazijafika, na ni vipi, ili "haijafika" isigeuke kimyakimya kuwa "haikufika". Nambari ya uhakiki ya kila fomu itangazwe pindi inapopakiwa, ili mabadiliko yoyote ya baadaye yajifichue yenyewe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji uvumbuzi mpya.

Walimu nao wana wajibu wao. Somo la kompyuta katika shule zetu aghalabu hufundishwa kama ustadi wa kubonyeza, na somo la Kiswahili kama orodha ya ngeli na nyakati. Mwalimu anaweza kuyaunganisha kwa kuwaletea wanafunzi fomu ya uchaguzi na kuwauliza: kati ya sentensi hizi, "kura zinahesabiwa", "kura zimehesabiwa" na "kura hazijahesabiwa zote", ni ipi iliyo kweli saa hii, na umejuaje? Atakayeweza kujibu swali hilo kwa ushahidi hatababaishwa na tarakimu zinazokimbia kwenye skrini usiku wa uchaguzi.